Kinanda Walichokiita Mgonjwa

Kidole alivuliwa vile vipokea sauti vya hospitali, akaketishwa mezani. Daktari wa masikio, binti mpole mwenye miwani, akamwonyesha mstari uliochorwa kwenye karatasi. Mstari ulianza vizuri, ukaenda kama barabara ya tambarare, halafu ukaporomoka kana kwamba aliyeuchora alipitiwa na usingizi.

"Hapa, mzee wangu, ni sauti nene. Hizi bado unazo. Huku mbele ni zile nyembamba. Zimeondoka."

"Zimekwenda wapi?"

Daktari akatabasamu. "Zimekwenda, mzee. Na hizi za katikati zitazifuata, polepole. Tutakupa kifaa cha kuvaa sikioni, kitakusaidia kusikia watu wakiongea."

"Watu wakiongea nimeshawasikia vya kutosha. Muziki je?"

"Muziki utausikia. Ila hautakuwa ule uliouzoea."

Kidole alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani akiletewa kitambaa pungufu hakai akakililia. Hukitandaza mezani, akakizungukia, akatazama kitatosha nini. Hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani siku ile, kofia mkononi, akijiuliza masikio haya yaliyobaki yatatosha nini. Na kabla hajafika kona ya kibanda chake cha kushonea alikuwa amekwisha kata shauri. Kulikuwa na sauti moja aliyowahi kuipiga ujanani kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuja haijaitwa, ikakaa nao msimu mmoja, ikaondoka haijaaga. Hakuwahi kujua iliingiaje wala ilitokea mlango gani. Alitaka kuisikia tena mara moja, sasa hivi, wakati bado ana pa kuipokelea.

Alipomweleza mkewe, mkewe alikuwa anashona vifungo vya sare za shule, sindano mdomoni. Aliitoa sindano akasema, "Daktari kakupa dawa?"

"Hakuna dawa."

"Basi kunywa chai."

Ili tujue sauti hiyo ilikuwa nini, inabidi kwanza tumjue mwenyewe aliyeitoa, nako ni mbali kidogo, lakini njia ni nzuri.

Kidole hakuzaliwa na jina hilo. Alipokuwa kijana alikuwa na cherehani ya miguu barazani kwa mjomba wake, na Jumamosi na Jumapili mchana alipiga akordioni kwenye bendi ndogo ya watu wanne. Gitaa lilipigwa na mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hata sasa, miaka mingi baada ya kustaafu, wanamwita Mwalimu tu. Ngoma zilipigwa na fundi mabati, mtu wa ndoo na mifereji ya paa, na yeye wakamwita Bati. Mwimbaji alikuwa mdogo wake mke wa Kidole, yaani shemeji yake, na kwa kuwa utani wa shemeji hauna likizo, wawili hao walitaniana tangu kupanda jukwaani mpaka kushuka.

Sasa, palikuwa na mhandisi wa barabara aliyekuwa anamaliza mkataba wake arudi kwao. Alimwita Kidole aje apime mapazia, maana aliyekuwa anahamia katika nyumba ile hakuyapenda yaliyokuwapo. Kidole akapanda kwenye kiti, futi yake ya kupimia shingoni, na alipokuwa anashuka akaona chini ya meza kitu chenye mbao pembeni na uso mweusi wa bati. Usoni kilijaa vifundo vya kuzungusha, kama vile vya redio, lakini vingi mno. Akauliza, "Simu hii inapiga wapi?"

Mhandisi akacheka sana. Akakivuta, na mbele yake vikaonekana vibao vyeupe na vyeusi vya kubonyeza. Akasema ni kinanda cha umeme, aina mpya, hakirekodi sauti ya kitu chochote bali kinaziumba chenyewe. Siku hizi vijana wanakiita sintesaiza na wanacho ndani ya simu. Wakati ule Kidole alisikia neno moja tu katika maelezo yote: kinaziumba. Alisimama pale na futi yake shingoni akasahau mapazia.

Mhandisi alikiri kwamba kinanda kile kilimshinda. Alikinunua likizoni kwa tamaa, akakikuta ni kigumu kuliko daraja. Wakakubaliana. Kidole akamshonea suti ya kijivu ya kurudi nayo kwao, yenye vesti na bitana ya hariri, na mhandisi akamwachia kinanda. Hadi leo Kidole hajui nani alimpunja mwenzake. Suti ilimkaa vizuri, hilo hana wasiwasi nalo.

Jioni ile bendi nzima ilikusanyika chumbani kwa Kidole. Wakaunganisha waya kwenye amplifaya ya gitaa la Mwalimu. Kidole akatandaza vidole vitatu kama alivyozoea kwenye akordioni, akabonyeza. Ikatoka sauti moja. Akabadilisha vidole, ikatoka moja. Akalaza kiganja kizima. Moja.

"Kimekufa upande," akasema Bati.

"Labda vile vibao vingine ni vya pambo," akasema shemeji.

Wakakipeleka kwa fundi redio wa mtaa wa pili. Akakifungua, akakichungulia na tochi, akapuliza vumbi, akakifunga. "Sijaona ugonjwa."

"Lakini hakisemi," akasema Kidole.

"Kinasema. Kinasema kimoja kimoja."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo, fundi. Akordioni yangu ya mtumba inasema kumi kwa pamoja."

Fundi redio akakuna kichwa, akasema basi kama ni ugonjwa ni wa kuzaliwa nao, kikae hivyo hivyo. Kuanzia siku ile kinanda kikapata jina. Wakakiita Mgonjwa. Nani kambeba Mgonjwa? Mgonjwa kaamka? Mwekeni Mgonjwa mbali na mlango. Jina likaenea hadi jirani mmoja, mama mwenye huruma zake, akabisha hodi na kikapu cha machungwa.

"Nimesikia mna mgonjwa. Anaendeleaje?"

Bati, ambaye hajawahi kuacha nafasi ipite, akamjibu kwa huzuni, "Leo katoa sauti moja tu, mama."

"Maskini. Na anakula?"

"Anakula umeme."

Yule mama aliwanunia wiki nzima. Machungwa hayakurudishwa.

Lakini tazama jinsi mambo yanavyokwenda. Kwa kuwa Mgonjwa aliweza sauti moja tu, zile nyingine zilizokuwa zinapigwa na akordioni ikabidi zigawiwe. Mwalimu akapewa moja kwenye gitaa lake, shemeji akapewa moja ya kuimba bila maneno, na Mgonjwa akabaki na yake. Kila mmoja ameshika theluthi ya mzigo, hakuna anayeweza kuuweka chini peke yake. Mmoja akikosea kidogo, wimbo unachechemea. Basi wakajifunza kusikilizana kuliko walivyowahi, na watu waliokuja kucheza kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli wakaanza kusema bendi hii ina kitu, hatujui nini. Na yule mpiga akordioni aliyekuwa anatumia vidole kumi sasa akionekana anapiga kwa kimoja, wakamwita Kidole Kimoja, halafu uvivu wa ndimi ukabakiza Kidole.

Sauti yenyewe ilikuja Jumapili moja mchana. Ukumbi umejaa, madirisha wazi, Bati anatoka jasho kama bomba bovu. Walikuwa katikati ya wimbo wa shemeji wa kumuaga mtu, wimbo wa polepole. Kidole akabonyeza kibao kilekile alichokibonyeza kila Jumapili, na sauti ya Mgonjwa, ambayo siku zote ilikuwa nyembamba kama uzi wa bobini, ikafunguka. Ikanenepa. Ikaanza kutikisika polepole yenyewe, kama maji kwenye beseni lililoguswa. Wachezaji wakapunguza miguu. Wengine wakatazama juu ya dari, wakidhani kuna kitu. Shemeji akageuka kumtazama Kidole, na Kidole akamtazama shemeji kama mtu aliyeulizwa mali hii umeitoa wapi.

Ikaja tena Jumapili iliyofuata. Na nyingine. Msimu mzima. Haikuja mwanzoni mwa dansi, ilikuja katikati, wao wakiwa wamekwisha sahau kuingojea. Kisha siku moja haikuja, wala haikuja tena. Wakasema labda kifundo fulani kimeguswa wakati wa kupakia vyombo. Kidole akavizungusha vifundo vyote, kimoja baada ya kingine, wiki kwa wiki. Alipata sauti za nyuki, za mlango, za mtu anayepiga miayo. Ile hakuipata.

Halafu maisha yakafanya kazi yake. Mwalimu akahamishwa shule, Bati akapata watoto wengi kuliko ngoma zake, ukumbi wa reli ukageuzwa ghala. Bendi haikuvunjwa. Ilikosa tu siku ya kukutana. Mgonjwa akapelekwa kwa shemeji kwa sababu nyumba yake haikuvuja, akakaa juu ya kabati, amebebeshwa masanduku na sufuria ya wageni.

Kwa hiyo alipomaliza ile chai Kidole alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake.

"Nimekuja kumtazama Mgonjwa."

"Baada ya miaka yote hii, shemeji? Mikono mitupu? Hata machungwa?"

Akampa habari ya masikio. Shemeji akaacha utani kwa muda, akaleta kiti, wakateremsha sufuria ya wageni, na masanduku, na Mgonjwa. Mbao za pembeni zilikuwa zimepauka. Namba zilizoandikwa kuzunguka vifundo zilifutika zamani, umebaki mstari mweupe mmoja juu ya kila kifundo.

Wakampeleka kibandani kwa Kidole, wakamlaza kwenye meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki. Bati akaitwa, akaja na chuma chake cha kuchomelea, akaunga waya mmoja uliokatika. Mwalimu akaja na gitaa, ingawa hakuna aliyemwambia alete gitaa. Sasa nywele zote za mle kibandani zilikuwa nyeupe, isipokuwa za shemeji, na hizo nazo kila mtu alijua siri yake akanyamaza.

Wakamuunga kwenye spika, wakawasha. Harufu ya vumbi linaloungua ikatoka, wakatazamana. Kidole akabonyeza. Sauti moja, nyembamba, ikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeamshwa anayeuliza ni saa ngapi.

Siku zilizofuata zilikuwa za kubishana. Kila alasiri, Kidole akimaliza kazi za watu, wazee wale walikaa kuizunguka meza, na kila mmoja alikuwa na sauti yake kichwani.

"Ilikuwa kama bati la paa jua linapopungua," akasema Bati. "Lile linajinyoosha, lina mlio wake."

"Wewe kila kitu ni bati," akasema Mwalimu. "Ilikuwa kama mzinga wa nyuki ukiusikia kwa mbali. Tena walikuwa wametulia."

"Nyuki wa wapi mle ukumbini?"

"Nimesema kama."

Shemeji alitikisa kichwa. "Hamkusikia vizuri. Mimi ndiye niliyeimba juu yake. Ilikuwa kama dada wawili wanaoimba jikoni wimbo mmoja, na wamenuniana. Wanaimba pamoja, lakini hakuna anayetaka kumwangalia mwenzake."

Kidole alisikiliza yote hayo. Kichwani mwake haikuwa bati wala nyuki wala dada. Ilikuwa ni pale ilipofunguka tu, ule mlango. Akaanza kuogopa kitu ambacho hakukisema: kwamba huenda kila mtu alitengeneza sauti yake mwenyewe kwa miaka yote hii, na ile yenyewe haikuwapo. Na kila siku alipokaa mezani aliona anasogea karibu zaidi na spika. Juzi kiti kilikuwa kando ya cherehani. Leo goti lake liligusa spika.

"Kile kifundo cha kona ya juu," shemeji akasema alasiri moja, "kilikuwa saa nane. Hilo nina hakika nalo. Kilikuwa kinalegea, na mimi ndiye niliyekuwa nakirudisha."

Maana namba za vifundo hawakuzijali hata zilipokuwapo, walivisoma kama saa, ule mstari mweupe ukiwa ndio mshale. Bati akaelekeza mstari chini kushoto, pale namba nane inapokaa kwenye uso wa saa. Kidole akabonyeza. Ikatoka sauti ya paka aliyekanyagwa.

"Hiyo siyo saa nane," akasema shemeji.

"Nane si iko hapa?"

"Nane iko hapo, ndiyo. Lakini saa nane mchana mshale mfupi unakuwa wapi? Unakuwa kwenye mbili, juu kulia. Wewe ukivaa saa unasoma nini?"

Mwalimu, aliyefundisha watoto kusoma saa maisha yake yote, alicheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo maana Bati alikuwa anachelewa mazoezi. Mimi nikidhani ni jeuri."

Wakakigeuza juu kulia. Mlio wa paka ukaondoka, ikabaki sauti safi, laini, nyembamba. Wote wakaijua. Ilikuwa ni sauti ya Mgonjwa, sauti yake ya kila Jumapili. Lakini haikufunguka. Kidole alishikilia kibao muda mrefu. Akaachia, akabonyeza tena.

"Ndiyo iliyokuwa kabla," akasema polepole. "Hapa ndipo tulipokuwa tumesimama kabla haijaja. Sasa ilikuja kutoka upande gani?"

Bati alianza kukusanya vifaa vyake. Ndipo mke wa Kidole, aliyekuwa kwenye kona yake na sare zake siku zote hizo, akakata uzi kwa meno akasema, "Si mumfunike."

Wakamgeukia.

"Tumfunike nani?"

"Mgonjwa wenu. Si mlikuwa mnamfunika. Blanketi langu la harusi mlilichukua bila hata kuniomba. Mkasema asubuhi sauti yake inayumba, akipata joto inatulia, na mgonjwa ni wa kufunikwa. Mkimfunika mpaka shingoni, vibao tu viko nje kama meno. Mimi nalala na shuka, kinanda kinalala na blanketi, na dansini kinakwenda nalo."

Bati akaketi tena. "Ni kweli. Lilikuwa na maua."

"Lilikuwa na maua. Halafu akaja yule mgeni."

Hapo wote wakakumbuka. Mpiga kinanda wa bendi kubwa iliyopita mjini aliwatembelea ukumbini, akaona blanketi, akauliza kulikoni. Walipomweleza habari za ugonjwa alikaa chini kwa kicheko. Akawaambia kinanda kile kiko sawa kabisa, kimetengenezwa kitoe sauti moja kwa wakati, na mkikifunika hivyo mtakiunguza, kiacheni kipumue. Waliona haya. Wakacheka pamoja naye, na siku ileile blanketi likarudi nyumbani.

"Nilimwombea heri mgeni yule," akasema mke wa Kidole. "Ila tangu wiki ile sikuwasikia tena mkiisifu ile sauti yenu. Nilidhani mnajua."

Kidole aliondoa mkono kwenye kibao. "Miaka yote hii?"

"Mlikuwa mnavitazama vifundo. Hamkuniuliza mimi."

Mwalimu alikuwa amekwisha inama nyuma ya kinanda, anachungulia matundu ya hewa. Alikumbuka kwamba mgeni yule aliwaambia jambo jingine ambalo kwa aibu hawakulitia maanani. Ndani yake, alisema, kuna visauti viwili vinavyopiga kitu kilekile kwa pamoja, ndiyo maana unavisikia kama kimoja. "Kimoja kikipata joto kuliko mwenzake," Mwalimu akasema, akipapasa ubavu wa kinanda, "si kitatoka kidogo kwenye tyuni, viwili visilingane? Kidogo tu?"

"Dada wawili," akasema shemeji. "Nilisema mimi."

Blanketi la maua halikuwapo tena, lilikwisha zamani kwa kufunika watoto. Mke wa Kidole akaleta jingine, zito, la kahawia, akamfunika Mgonjwa mwenyewe kwa mkono wake, akalichomeka pembeni kama anavyojua mtu aliyelea. Halafu ikabidi kusubiri. Wakanywa chai. Mteja mmoja akaja kuchukua suruali, akaona wazee wanne wameizunguka meza yenye kitu kilichofunikwa, akashusha sauti akasema atarudi kesho.

Bati akatia mkono chini ya blanketi. "Ana homa."

"Bado," akasema Kidole. Alikuwa amekaa na sikio la kushoto, lile zuri, karibu kabisa na spika. Akabonyeza kibao, akakishikilia. Nyembamba. Akangoja. Akabonyeza tena. Mwalimu akaanza kulipapasa gitaa, akaitafuta ile theluthi yake, akaipata. Shemeji akaingia na yake, sauti yake sasa ikiwa na mchanga kidogo chini, bila maneno.

Haikuja kwa kishindo. Kidole aliisikia kwanza kwenye goti lililogusa spika, kitu kinavuta na kuachia, kinavuta na kuachia. Kisha ikapanda. Uzi ukawa umesokotwa na mwenzake. Ikanenepa, ikatikisika, ikafunguka, na kibanda kizima kikawa kama kimesogezwa kuta. Mkewe aliacha kifungo katikati ya tundu.

Kidole hakusogea. Alikuwa anaisikiliza kama mtu anavyotazama vazi alilolishona ujanani linapita barabarani limevaliwa na mgeni. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka. Ilikuwa na kasoro hapa na pale, kijikwaruzo upande mmoja. Lakini ilikuwa yenyewe, haikuwa ya kujitungia, na wengine watatu nao waliitambua palepale.

"Juu kuna nini?" akauliza, amefumba macho. "Mimi napata huku chini na katikati. Juu kuna kitu?"

"Juu kuna kama kimluzi," akasema Mwalimu taratibu, vidole vikiendelea. "Chembamba. Kinakuja na kupotea."

"Kinazunguka," akasema Bati. "Kama nzi kwenye taa, ila si wa kuudhi."

"Kinapanda ninapopanda," akasema shemeji kati ya pumzi na pumzi.

Kidole akaitikia kwa kichwa kila alipoambiwa, akiyapanga hayo juu ya yale aliyokuwa nayo, kama mtu anayeunga kipande cha kitambaa pale palipopungua. "Vizuri," akasema. "Vizuri. Kumbe na hicho kilikuwapo."

Wakaipiga mara nyingi, hakuna aliyehesabu. Kisha ule mtikisiko ukaanza kukaza mwendo. Joto lilikuwa linapanda bado chini ya blanketi, na wale dada wawili walikuwa wanazidi kuachana. Bati aliisikia wa kwanza, akanyoosha mkono.

"Inapita. Mfunueni, tuishike hapahapa."

"Acha," akasema Kidole.

"Itaharibika."

"Acha iende. Zamani wimbo ulikuwa unakwisha hapa, watu wanapiga makofi, tunazima. Hatukuwahi kujua inakwenda wapi. Mimi nataka kujua."

Bati akamtazama mke wa Kidole, ambaye aliinua mabega akarudi kwenye kifungo chake. Wakaiacha. Sauti ikaanza kugombana na nafsi yake, ikatetemeka kama gari la zamani juu ya changarawe, kisha ikachanika ikawa mbili kabisa, kila moja na njia yake. Mwalimu akashindwa kuifuata na gitaa, akaacha. Shemeji akanyamaza, akakunja uso.

"Shemeji, sasa hii ni mbaya."

"Ni mbaya," akasema Kidole, kidole chake bado juu ya kibao, sikio limelalia kitambaa cha spika. "Lakini naisikia yote. Hebu nyamazeni kidogo."